Baiskeli Ipewe Njia Yake na Heshima Yake

Kila alfajiri, kabla ofisi na madarasa hayajafunguliwa, watu wa mitelemko ya Mlima Meru huwa wamekwisha kuingia mjini Arusha. Miongoni mwao wamo wauza maziwa waliofunga madumu kwenye keria za baiskeli, wakulima wanaopeleka ndizi na mboga katika masoko ya Kilombero na Tengeru, vibarua wa ujenzi, walinzi wanaotoka zamu, na mafundi wanaokwenda kufungua vibanda vyao. Watu hawa hawakungoja kuhimizwa na mtu ili wapande baiskeli. Wanaipanda kwa sababu hainywi petroli, haidai nauli, na hubeba mzigo ambao kichwa cha binadamu hakiwezi kuubeba. Lakini ndio hao hao wanaosukumwa mtaroni kila lori linapopiga honi, ndio wasiotengewa njia, na ndio wanaotazamwa kana kwamba wameachwa nyuma na maendeleo.

Tunapenda kulisema jambo hili wazi wazi. Tatizo la baiskeli katika Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru si uchache wa baiskeli, wala si umaskini wa watu. Tatizo ni uchache wa heshima. Na uchache wa heshima ndio uliozaa uchache wa njia. Wengi wa waliosoma wanaiona baiskeli kuwa ni chombo cha wasiosoma. Na kwa kuwa waliosoma ndio wanaochora ramani, ndio wanaopanga bajeti, na ndio wanaofundisha watoto wa taifa hili, dharau yao haibaki mioyoni mwao tu. Inamwagwa barabarani pamoja na lami.

Si kwamba hakuna waliofanya kazi. Hapa hapa Arusha, Ndugu Bernard Kiwia, ambaye ni fundi baiskeli, ameonyesha kwamba chombo hiki kinaweza kufanya mambo mengi kuliko kumbeba mtu. Ameunda pampu ya maji inayoendeshwa kwa pedali, na chaja ya simu inayopata nguvu kutokana na mzunguko wa gurudumu. Mwaka 2008 alishiriki katika mkutano wa wabunifu uliofanyika katika chuo cha MIT huko Marekani, na baadaye akawa miongoni mwa waanzilishi wa karakana ya ubunifu iitwayo Twende, ambamo wananchi hujifunza kubuni na kuunda zana kwa mikono yao wenyewe. Mwaka 2009 ilianzishwa pia mjini Arusha kampuni ya Global Cycle Solutions, ambayo ilijulikana kwa mashine ya kupukuchua mahindi inayofungwa kwenye baiskeli. Dar es Salaam nako upo Umoja wa Waendesha Baiskeli, UWABA, ambao umekuwa ukiandaa misafara ya baiskeli barabarani ili kuwakumbusha wenye mamlaka kwamba barabara ni mali ya watu wote. Na tarehe 12 Aprili 2018 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuifanya tarehe 3 Juni ya kila mwaka kuwa Siku ya Baiskeli Duniani.

Juhudi hizo zinastahili pongezi. Hata hivyo, fundi hawezi kujenga barabara, na msafara wa siku moja hauwezi kumlinda mtu anayepanda baiskeli siku zilizobaki za mwaka. Yapo mambo ambayo hayawezi kufanywa na mtu mwingine isipokuwa mtumishi wa umma katika ofisi yake na mwalimu katika shule yake. Ndiyo maana leo tunazungumza nao.

Wazee wetu hawakuidharau baiskeli. Katika zama za ukoloni na miaka ya mwanzo ya Uhuru, tarishi, karani, bwana shamba, mhudumu wa zahanati na mwalimu walifanya kazi zao kwa baiskeli. Makatibu wa TANU wa miaka ya 1950 walikwenda kijiji hadi kijiji kwa miguu na kwa baiskeli kuandikisha wanachama. Mtu aliyemiliki Raleigh ya Mwingereza, au baadaye Phoenix ya Mchina, alihesabiwa kuwa mtu mwenye neno lake kijijini. Taifa letu lenyewe liliona umuhimu wa chombo hiki hata likaunda baiskeli zake, zikaitwa Swala, na wengi waliosoma au kufundisha katika miaka ya 1970 na 1980 wanazikumbuka. Hata jina la bodaboda, ambalo leo linatajwa kwa pikipiki, lilizaliwa juu ya baiskeli huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako wapanda baiskeli walikuwa wakiwavusha abiria kutoka mpaka mmoja hadi mwingine.

Ni nini basi kilichobadilika? Baiskeli haikubadilika. Tuliobadilika ni sisi. Gari limekuwa ndicho kipimo cha cheo, na asiye na gari hujitahidi walau aonekane yuko njiani kulipata. Leo wapo walimu walio tayari kungoja daladala muda mrefu jua likiwachoma, au kutoa sehemu ya mshahara wao kila siku kulipia pikipiki, kuliko kuonwa na wanafunzi wao wakiwa juu ya baiskeli. Wapo maofisa wanaokaa umbali ambao wangeufika kwa dakika kumi na tano, lakini huona ni afadhali wachelewe kazini kuliko wadharauliwe getini. Hii ni kasumba. Mji ambao jina lake lilipewa Azimio la 1967, azimio lililosisitiza kujitegemea, haufai kukionea haya chombo ambacho mwananchi wa kawaida anaweza kukinunua, kukitunza, na kukitengeneza kwa fundi wa chini ya mti.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi pikipiki ziondolewe. Vijana wengi wanapata riziki yao kwa pikipiki, na mgonjwa wa usiku huko juu mlimani mara nyingi huokolewa nazo. Wala hatusemi mtu asinunue gari kwa jasho lake. Tunachokataa ni fikra kwamba asiye na gari hana haki barabarani.

Wapo watakaosema kwamba Arusha si Tanga wala Shinyanga, ambako nchi ni tambarare na baiskeli zimejaa. Ni kweli kwamba mji huu uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima unaozidi mita 4,500. Ni kweli pia kwamba kupanda kwenda Ilboru au Sekei kunahitaji kifua. Lakini Ngarenaro, Kaloleni, Unga Limited, Sombetini na Njiro haziko kileleni. Sehemu kubwa ya watu wa jiji hili huishi na kufanya kazi katika eneo la chini, ambalo mtu mzima mwenye afya hawezi kushindwa nalo. Na wale wa mlimani wenyewe wametuonyesha hekima yao: mzigo hushuka umejaa, madumu hupanda matupu. Tena tutazame jirani zetu wa Kigali, jiji la vilima vikali kuliko vya kwetu. Mwaka 2016 walianza kutenga siku ambazo baadhi ya barabara hufungwa kwa magari ili watu watembee na kupanda baiskeli. Mwaka 2021 wakaanzisha huduma ya baiskeli za kuazima mjini. Septemba 2025 wakawa wenyeji wa mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani, yaliyofanyika katika ardhi ya Afrika kwa mara ya kwanza. Vilima havikuwa udhuru kwao.

Wapo pia watakaotaja mvua na vumbi. Mvua ya masika haimchagui mpanda baiskeli peke yake. Humnyeshea pia anayetembea kwa miguu na anayengoja kituoni. Wengine watasema kwamba mwanamke akipanda baiskeli haonekani vizuri. Hao tunawauliza swali moja: je, anaonekana vizuri mwanamke anayeshuka kutoka mlimani na mkungu wa ndizi kichwani, mtoto mgongoni, na kilomita nyingi mbele yake? Utafiti uliofanywa wilayani Makete katikati ya miaka ya 1980 kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani ulionyesha kwamba safari nyingi za kijijini hufanywa kwa miguu, kufuata maji, kuni na mashine ya kusaga, na kwamba sehemu kubwa ya mizigo hiyo hubebwa na wanawake vichwani. Mila njema humpunguzia mtu mzigo. Haimwongezei.

Pingamizi moja tu ndilo lenye uzito, nalo ni usalama. Mzazi anayekataa kumnunulia mtoto wake baiskeli kwa kuhofia magari, hana kosa. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani duniani kila mwaka, na kwamba zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Kwa hiyo hatuwezi kuwahimiza wananchi wapande baiskeli huku tukiwaacha washindane na malori. Kufanya hivyo ni kuwapeleka watu vitani mikono mitupu.

Hapa ndipo tunapofika kwenye barabara zenyewe. Katika miaka ya karibuni Arusha imepata barabara kubwa. Ile ya Sakina hadi Tengeru, yenye urefu wa kilomita 14.1, imepanuliwa ikawa na njia mbili kila upande, na imejengwa barabara ya mchepuo ya kilomita 42.4 ili malori ya safari ndefu yasilazimike kupita katikati ya mji. Hizo ni kazi za kujivunia. Kutoka Sakina hadi Tengeru ni mwendo usiofika saa moja kwa mpanda baiskeli wa kawaida. Lakini barabara inapopanuka, mwendo wa magari nao huongezeka, na mtu asiyewekewa njia yake hujikuta katika hatari kubwa kuliko alivyokuwa barabara ilipokuwa mbovu. Barabara nyingi za ndani ya jiji nazo hazina njia iliyotengwa kwa ajili ya baiskeli. Mhandisi huhesabu magari yanayopita, kisha huchora barabara ya magari. Mpanda baiskeli hakuhesabiwa, kwa hiyo hakuchorwa.

Wala haiwezekani kusema kwamba utaalamu haupo. Katika miaka ya 1990 majaribio yalifanywa Morogoro na Temeke, na kwa upande wa Kenya yakafanywa Nairobi na Eldoret, kuona namna ya kuwajengea njia salama waenda kwa miguu na wapanda baiskeli katika miji ya Afrika. Mwaka 2001 Marius de Langen na Rustica Tembele walitoa kitabu cha mwongozo kutokana na kazi hiyo. Maana yake ni kwamba elimu hii ilipatikana kwetu, ikaandikwa, na iko rafuni. Na mabasi yaendayo haraka yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilikuwa imejengewa njia za baiskeli kandokando yake. Kilichobaki ni kujifunza kwamba njia ikijengwa bila kulindwa, haichukui muda kugeuka maegesho ya pikipiki na meza za biashara.

Wengine hudhani kwamba Waholanzi walizaliwa na njia za baiskeli. Sivyo. Mwaka 1971 watu wapatao 3,300 walikufa katika barabara za Uholanzi, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakaingia barabarani kudai mauaji ya watoto yakomeshwe, Serikali ikasikia, na sera ikageuka. Njia za baiskeli tunazozisifu leo zililipiwa kwa machozi ya wazazi wale. Hakuna sababu ya sisi kungoja hesabu kama ile ndipo tuanze.

Faida yake itaonekana upesi zaidi shuleni kuliko mahali pengine popote. Tangu kuenea kwa shule za sekondari za kata, na hasa baada ya ada kuondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, watoto wengi wamepata nafasi ya kusoma. Lakini kata inaweza kuwa pana, na mlima hauufupishi mwendo. Kila mwalimu anamjua msichana anayefika amechoka, anayesinzia kipindi cha kwanza, na anayeondoka mapema ili asikutwe na giza njiani. Kila mwalimu anajua pia hatari ya ile lifti ya bure ambayo baadaye hudaiwa kwa namna nyingine. Wangapi wamepotea shuleni kwa sababu ya umbali tu?

Nchi nyingine zimekwisha kulijibu swali hilo kwa vitendo. Jimbo la Bihar nchini India lilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana wa sekondari fedha za kununua baiskeli, na uchunguzi ulionyesha kwamba uandikishaji wa wasichana wa umri huo uliongezeka kwa asilimia 32. Huko Zambia, ambako wasichana wa vijijini walipewa baiskeli, muda wa kwenda shule ulipungua kwa theluthi moja, na utoro ukapungua kwa zaidi ya robo. Hakuna mtaala mpya uliobuniwa, wala hakuna semina iliyoitishwa. Msichana alipewa magurudumu mawili, akafika.

Kutokana na hayo yote, tunatoa rai ifuatayo.

Kwanza, Halmashauri ya Jiji na zile za Wilaya za Arusha na Meru, pamoja na TANROADS na TARURA, wakubaliane kwamba hakuna mchoro wa barabara utakaopitishwa kabla ya kujibu swali moja: mpanda baiskeli atapita wapi? Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilipendekeza mwaka 2016 kwamba walau asilimia 20 ya bajeti ya usafiri itengwe kwa ajili ya waenda kwa miguu na wapanda baiskeli. Kama asilimia hiyo ni kubwa kwetu, tuanze na barabara zinazokwenda shuleni na sokoni. Tusisahau pia uwanja mpya wa mpira ulioanza kujengwa Olmoti mwaka 2024 kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Watazamaji wengi wa Arusha hawana magari, na njia ya kuwafikisha uwanjani kwa usalama itabaki ikiwahudumia wakazi baada ya wageni kuondoka.

Pili, kila ofisi ya umma na kila shule iweke mahali pa kivuli penye vyuma vya kufungia baiskeli, karibu na mlango na si nyuma ya jalala. Vyama vya akiba na mikopo vya walimu na watumishi vitoe mikopo midogo ya baiskeli, kama vile vinavyotoa mikopo ya mabati.

Tatu, askari wa usalama barabarani wasimamie mwendo wa magari karibu na shule. Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilitaka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo watu na magari huchanganyika. Askari anayemsimamisha mpanda baiskeli kwa kukosa kengele, amsimamishe pia dereva aliyemkosakosa.

Nne, wapanda baiskeli nao wana wajibu wao. Baiskeli isiyo na breki ni hatari kwa anayeipanda na kwa anayekutana naye. Kupita upande usio wako, kupanda usiku bila taa, na kupakia mzigo unaoziba macho, ni makosa yasiyoweza kutetewa kwa kisingizio cha umaskini. Anayedai haki ya barabara hana budi kuzitii sheria zake.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote, waliosoma waonyeshe mfano. Mwalimu afundishe kanuni za barabarani na utengenezaji wa baiskeli kama anavyofundisha kilimo cha bustani ya shule. Mhandisi aipande baiskeli walau siku moja katika barabara aliyoichora mwenyewe. Mashimo na mitaro isiyofunikwa itamweleza mengi kuliko taarifa ya mkandarasi. Mkuu wa idara anayekaa karibu aje kazini kwa baiskeli, si kwa ajili ya kupigwa picha tarehe 3 Juni, bali siku ya kawaida ambayo hakuna mtu anayemwangalia.

Hakuna katika haya jambo linalongoja mkopo mkubwa au mtaalamu kutoka ng'ambo. Vyuma vya kufungia baiskeli huchomelewa na fundi wa Unga Limited. Mstari wa kutenga njia hupakwa kwa rangi. Dharau yenyewe huondolewa bure. Siku mwalimu mkuu atakapoingia getini kwa baiskeli na asipatikane mwanafunzi wa kumcheka, tutajua kwamba kazi imeanza. Na siku mwanafunzi wa kike atakapoifuata njia hiyo hiyo kutoka mlimani hadi darasani, na mzazi wake akabaki nyumbani bila hofu, ndipo tutakapokuwa na haki ya kuziita barabara zetu kuwa ni za wananchi.